Kunyanyua Pikipiki Ukiwa Peke Yako

"Ukiwa peke yako, nani atakushikia?"

Fundi Shija aliniuliza hivyo wiki yangu ya kwanza gerejini kwake, Kahama. Nilikuwa na shahada ya ualimu wa fizikia, nilikuwa na maneno mengi kuhusu uzito na mizani, lakini swali lile lilinikuta nimeshika usukani wa pikipiki ya mteja kwa mikono miwili, nimeinama nusu, nasubiri mtu aje anisaidie. Hakuja mtu. Fundi Shija alikuwa amewafukuza wote makusudi, amesimama kivulini anatafuna muhindi wa kuchoma, ananitazama.

"Nitamwita mtu," nilisema.

"Mtu gani? Umefika kwa mteja huko Ushetu, wote wako shambani. Unamwita nani, mbuzi?"

Najua ninyi mliobaki gerejini mnacheka kwamba najiita mstaafu wakati sina hata unywele mmoja mweupe. Chekeni. Mtu akiacha kazi kwa sababu mwili umekataa, na akajua harudi tena, mimi sioni neno jingine la kumwita. Ila niseme mapema, maana wapo watakaotumia mfano wangu vibaya: mgongo wangu haukuharibiwa na kunyanyua pikipiki. Uliharibiwa na kuziendesha kwenye barabara za vumbi na makorongo, mwaka baada ya mwaka. Kunyanyua nilijifunza vizuri. Ndiyo maana naandika habari za kunyanyua, na pia kwa sababu siku hizi nina muda mwingi kuliko watu wa kuzungumza nao.

Nilifika kwa Fundi Shija kwa kuchoka kusubiri ajira. Nilikuwa nimekaa nyumbani nikituma maombi ya kazi mpaka majirani wakaacha kuniuliza. Siku moja nilipeleka pikipiki ya baba kubadilishwa mnyororo, nikabaki pale nauliza maswali. Kesho yake nikarudi bila pikipiki, nikaendelea kuuliza. Fundi Shija, ambaye hajawahi kusifiwa kwa upole, aliniambia kama nataka kuuliza niulize huku nimeshika spana, angalau mkono mmoja ufanye kazi.

Gereji ya barabarani haikosi watu. Kuna wanaosubiri abiria, wanaosubiri mvua iishe, na wasiosubiri kitu. Kwa hiyo hatukuwa na jeki wala stendi ya maana. Tulikuwa na maneno mawili: shika kidogo. Mmoja anashika usukani, wa pili anakalia keria ili gurudumu la mbele linyanyuke, wa tatu anatoa maoni. Huo ndio utaratibu wa upande wetu wote, tangu Mhunze mpaka Geita, na nilipouliza kwa nini, Fundi Shija alishangaa kwamba kuna jambo la kuuliza hapo.

"Tunamtumia mtu kwa sababu yupo," alisema.

"Na akichoka?"

"Anabadilishwa."

"Na simu yake ikiita?"

Alivua kandambili, akaninyooshea mguu nione kidole gumba ambacho kucha yake ilikuwa imeota upande.

"Ilishaita," alisema.

Njia yake nyingine ilikuwa kuilaza pikipiki ubavu juu ya tairi kuukuu. Nilimwonyesha petroli inavyochuruzika kwenye kifuniko cha tangi na maji ya betri yanavyotafuna rangi. Akaniita Msomi mbele ya wateja kwa muda mrefu. Baadaye akaacha kuzilaza, lakini hakukubali kwamba ni kwa sababu yangu. Alisema harufu ya petroli inamuumiza kichwa.

Alichotaka ni hiki. Wateja wa vijijini walikuwa hawaleti pikipiki mpaka zife kabisa. Yeye aliona mtu akiwatembelea nyumbani, akazihudumia pale uwanjani na kuwafundisha wenyewe yale madogo, kama kumwaga oili, kukaza mnyororo, kusafisha breki na kuziba pancha, watamzoea na watamletea makubwa. Vijana wake wote walikataa. Walisema kazi ya kuzunguka peke yako porini haina stori. Mimi nilikuwa mgeni, tena mwanamke pekee pale, sikuwa na stori za kupoteza.

Nilianza kwa kuangalia video. Zilionyesha wazungu kwenye kumbi zenye vigae, wameweka pikipiki juu ya stendi nyekundu za chuma, na sakafu safi kiasi kwamba unaweza kulia chakula. Nilijifunza mengi humo, kubwa likiwa kwamba hawajawahi kufika Ushetu.

Kwa hiyo nilianza upya, na nilianzia ardhini. Angalieni ardhi kabla ya kuangalia pikipiki. Kwetu kuna mchanga, na ukishuka mbugani kuna udongo mweusi, ambao kiangazi ni mgumu kama saruji na mvua ikinyesha unakuwa uji. Stendi ikisimama juu ya udongo huo inazama taratibu, bila kelele, wakati wewe mkono wako uko ndani ya gurudumu. Nilibeba ubao mpana wa kuweka chini ya stendi. Matofali ya kuchoma niliyakataa tangu siku ya kwanza. Yanaonekana magumu, kisha yanapasuka mara moja bila kukuaga.

Kisha legezeni nati kubwa za ekseli pikipiki ikiwa bado chini, magurudumu yote mawili yamekanyaga. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu kila mtu analisahau. Mtu ananyanyua kwanza, halafu anaanza kuning'inia kwenye spana kwa nguvu zake zote, na pikipiki iliyokuwa imetulia inaanza kucheza.

Kwenye stendi ya kati, msiivute. Wanaume wengi huivuta, ndiyo maana wana mikono mikubwa na viuno vibovu. Simama kushoto kwake. Mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia kwenye chuma cha keria. Kwa mguu wa kulia kanyaga ulimi wa stendi polepole mpaka usikie miguu yake miwili imegusa ubao. Miwili, siyo mmoja. Hapo subiri. Ukishahakikisha, panda juu ya ule ulimi kama mtu anayepanda ngazi, mgongo umenyooka. Uzito wako ndio unaofanya kazi, mikono inaelekeza tu. Itarudi nyuma kidogo na kupanda yenyewe, na mara ya kwanza utadhani kuna mtu nyuma yako amekusaidia. Mimi niligeuka kuangalia. Hapakuwa na mtu.

Kwa gurudumu la mbele nilikatiwa na seremala gogo fupi la mninga, pana chini kuliko juu, nikapigilia kipande cha tairi ili chuma kisiteleze. Linakaa chini ya chesisi. Halikai chini ya eksozi, wala chini ya nati ya kumwagia oili. Na kabla hujaingiza mkono popote, isukume kidogo kila upande, uone inasema nini. Gogo lile nilifunga kwenye keria kila nilikokwenda. Huko njiani watu waliniuliza kama nauza kuni. Mzee mmoja wa Kagongwa aliniuliza kama kwa wateja wangu hawana viti.

Nilizunguka hivyo misimu kadhaa. Asubuhi nilikuwa natoka na chupa ya chai na mihogo, na mara nyingi mchana nilikula nimekaa juu ya lile gogo, chini ya jua, sehemu isiyo na mtandao. Kuna siku nilifanya kazi tangu asubuhi na maneno yote niliyosema yalikuwa hodi na kwaheri.

Msimu mmoja Fundi Shija alinituma Geita, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, ambako ndugu yake alikuwa na banda la vipuri. Huko hawakutumia mtu. Walikuwa na njia yao. Juu ya kila duara, yaani shimo la kuchimbia, walifunga magogo yenye gurudumu la kamba ya kuvutia viroba vya mawe. Pikipiki ikiharibika waliisukuma mpaka kwenye duara lililofukiwa, wakaifunga kamba, wakaivuta juu ikaning'inia kama ng'ombe buchani. Fundi anafanya kazi amesimama, hachuchumai. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu, halafu nikaogopa.

"Hii kamba inanipandisha mimi kila siku," aliniambia mchimbaji mmoja aitwaye Doto. "Itashindwa na pikipiki?"

"Wewe ukining'inia unajishika. Pikipiki haina mikono."

"Sikilizeni, dada anasema haina mikono."

Walicheka, na Doto akapiga nati ya nyuma kwa nyundo. Kamba haikukatika, ilikuwa kamba nzuri kweli. Ila pikipiki ilizunguka, usukani ukamkuta kifuani, akakaa chini kwenye vumbi bila kupenda.

"Imenisalimia," alisema alipopata pumzi. "Haya, wewe uliyesoma, tufanyeje?"

Tuliishusha mpaka ikasimama kwenye stendi ya kati, juu ya ubao, tukaacha kamba imelegea kidogo tu. Kamba ikawa ya kudaka, siyo ya kubeba. Walikubali kwa kuwa hawakunyang'anywa kamba yao. Hilo nimelitumia mahali pengi: ukimkuta mtu na njia yake, usiitupe, ihamishe.

Geita nilichoka vibaya. Karasha zinasaga mawe mchana kutwa, kwa hiyo kila neno ni la kupaza sauti, na nikirudi kwenye chumba nilichopanga nilikuwa nakumbuka kwamba siku nzima nimepiga kelele na sijaongea na mtu. Wanaume wa pale walitoka kila upande. Wengine walikuwa wameandika majina ya watoto wao kwenye mpira wa kuzuia tope. Ukiuliza mtoto yuko wapi, wanataja wilaya, halafu wanaomba spana.

Niliporudi Kahama ndipo nilipopewa njia ya Ushetu kwa kudumu, na ndipo nilipokutana na Mama Limi.

Alikuwa ananizidi umri kwa miaka michache, mrefu, mkimya, anakaa nyumba ya matofali yenye bani la kukaushia tumbaku nyuma yake. Binti yake Limi alikuwa shule ya bweni. Mumewe, Baba Limi, alikwenda Geita kutafuta dhahabu akaacha pikipiki nyumbani kwa sababu alipata lifti ya lori, na mavuno mawili yalikuwa yamepita bila yeye kuonekana. Simu yake ilikuwa haipatikani. Pikipiki ilikuwa imesimama barazani, imefunikwa turubai safi.

Siku ya kwanza nilitaka kuangalia gurudumu la mbele. Kabla sijashusha gogo langu, Mama Limi alikuwa ameshatuma watu wamwite shemeji yake, Maduhu, mdogo wa mumewe. Akaja na shati amelitupia begani.

"Shemeji, shika kidogo," Mama Limi alimwambia.

Maduhu akashika kwa mkono mmoja, akazungumza na mimi kana kwamba mwenye nyumba hayupo.

"Fundi, pikipiki ya kaka inataka mwanaume. Mwanamke hawezi hata kuisimamisha. Mpaka niitwe mimi."

"Ulipoitwa ulikuwa unafanya nini?" Mama Limi aliuliza.

"Nilikuwa nimelala."

"Basi hujapoteza kitu."

Maduhu alicheka, lakini alipoondoka Mama Limi hakuwa anacheka. Alinieleza huku anafuta vumbi kwenye tangi. Wakwe zake watakuja kukaa naye tumbaku ikishauzwa. Wameshasema pikipiki inaharibika, kwa hiyo ihamie kwa Maduhu ambaye anaweza kuitunza.

"Si atakuazima ukiitaka?" nilimuuliza.

Aliniangalia kama mtu anayepima kama inafaa kuendelea.

"Leo pikipiki," alisema. "Kesho watauliza shamba ni la nani. Kesho kutwa wataniuliza mimi ni wa nani. Ikitoka kwenye uwanja huu, watakuwa wamesema mwenyewe harudi."

"Wamekuambia hivyo?"

"Hawawezi kuniambia. Wanaongelea vumbi na kutu."

Nilimwambia kama sababu yao ni kwamba hawezi kuitunza bila kumwita mtu, basi hiyo sababu tutaiondoa. Nilisema kwa urahisi sana. Nilikuwa na gogo na ubao, na sikuwa na shaka na chochote, jambo ambalo kwangu ni nadra.

Nilianza kwenda kwake kila njia yangu ilipopita karibu. Alikuwa mwanafunzi wa kunifurahisha, kwa sababu aliuliza. Kwa nini kushoto? Kwa nini usikanyage kwa mguu mwingine? Kwa nini ekseli kabla ya stendi? Niliikagua pikipiki yenyewe nikamsifu. Oili ilikuwa safi, nikamwambia ni kwa kuwa hailazimishi mashine. Tairi zilikuwa na nyufa pembeni ingawa meno yake yalikuwa mazima, nikalilaumu jua la Ushetu. Mshale wa mwendo ulikuwa umekufa, kama ilivyo kwenye pikipiki nyingi, hivyo haukuniambia kitu. Niliwahi kumuuliza anakwenda nayo wapi zaidi. Akasema, "Hapa na pale," nami nikachukulia ni mnadani.

Mara yake ya kwanza kuipandisha, alikanyaga kabla miguu yote ya stendi haijagusa. Ikainamia upande wa pili, kulia, na yeye akaifuata kwa mikono yote miwili kuidaka. Nilimvuta kwa nguo, kwa nguvu, tukaangukia upande wetu na pikipiki ikaangukia wa kwake. Kioo cha pembeni kikapasuka.

Mama Limi alibaki amekaa chini, anaangalia.

"Umenivuta mimi," alisema. "Pikipiki umeiacha."

"Vipuri vyake vipo Kahama. Vyako havipo."

Aliokota vipande vya kioo kimoja kimoja, mpaka vile vidogo, akaviweka kwenye kitambaa. Nilidhani anaogopa kuku watajikata miguu. Kisha nikamwonyesha namna ya kuinua pikipiki iliyolala kulia: weka gia, toa kwanza stendi ya pembeni, ile ya kushoto, ili ikivuka upande huo isimame yenyewe. Halafu ipe mgongo, chuchumaa, makalio yaegemee kiti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye chuma cha keria, usukume kwa miguu ukirudi nyuma hatua fupi fupi. Iliinuka. Alisimama pale ameishika kwa muda, ingawa ilikuwa haihitaji tena kushikwa.

Tangu siku hiyo hakuidaka tena. Nilimwachia ubao wangu, na seremala akamkatia gogo lake.

Wakwe walikuja tumbaku ilipokwisha. Mama Limi aliniomba niwepo lakini nisiguse kitu. Alikuwepo baba mkwe, mzee mwembamba mwenye koti, mama mkwe, na Maduhu. Niliwaamkia, wakaitikia marahaba, tukakalishwa kwenye vigoda na kupewa uji wa karanga. Walizungumza mvua kwanza, kisha ng'ombe, kisha mvua tena. Hatimaye Maduhu akaiangalia pikipiki.

"Sisi hatuna ugomvi," alisema. "Shemeji atoe tairi la nyuma, alizibe, alirudishe, bila kuita mtu. Akiweza, mimi sina neno."

"Na akishindwa?" mama mkwe aliuliza, ingawa alijua.

"Akishindwa naondoka nayo leo. Nimekuja na kofia."

Kweli alikuwa na kofia ngumu chini ya kigoda.

Mama Limi alifunga kanga kiunoni juu ya suruali, akaisukuma pikipiki mpaka katikati ya uwanja. Akaweka ubao. Akalegeza ekseli, kwa spana ndefu, akiikanyaga. Akasimama kushoto, akakanyaga ulimi wa stendi, akapanda. Ubao ukateleza. Pikipiki ikarudi chini kwenye magurudumu yake na kutikisika, na Maduhu akawa ameshanyanyuka na mkono ameunyoosha.

"Kaa, shemeji," Mama Limi alisema.

"Itakuangukia."

"Ikianguka nitaiacha. Kaa."

Akakaa. Mimi nilikuwa nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Mama Limi alikwangua udongo kwa jembe dogo mpaka pakawa sawa, akarudisha ubao, akaukanyaga kila pembe. Mara hii alisubiri sana. Nilisikia miguu ya stendi ikigusa, mmoja, halafu wa pili, naye bado anasubiri. Alipopanda, pikipiki ilirudi nyuma na kukaa kama iliyokuwa inangoja kuambiwa. Akaisukuma kidogo kulia na kushoto. Akaisukuma mbele, ikataka kusogea. Akasimama, akafikiri, akachukua raba ya tyubu na kuifunga breki ya mbele kwenye usukani. Akaisukuma tena. Haikusogea.

"Tunangoja iwaangukie kuku," Maduhu alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeshapungua.

Alilitoa gurudumu, akaziba tyubu, akapanga yote upya. Aliporudisha gurudumu chini, mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko na hakuna mtu aliyekuwa ameinuka kwenye kigoda.

"Maduhu, umeona?" baba mkwe aliuliza.

"Nimeona."

"Basi ibaki."

Nilitaka kupiga makofi. Mama mkwe akafuta mdomo kwa pembe ya kanga yake, akaweka bakuli chini.

"Wabeja, mkwe wangu," alimshukuru kwa Kisukuma. "Sasa hatuna la kuitiwa huku."

Nilidhani ni masihara ya mkwe aliyeshindwa. Sikujua kwamba alikuwa anatoa taarifa tu. Maduhu hakuja tena, maana hakuitwa. Majirani waliokuwa wanapita kushika kidogo na kubaki kwa mazungumzo na karanga, nao hawakuwa na sababu. Hakuna aliyemkasirikia. Walimwacha tu kama mtu asiye na shida yoyote, na huko kwetu mtu asiye na shida hatembelewi sana. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeona kumshikisha mtu pikipiki kuwa uzembe na hatari. Bado naona hivyo. Lakini sikuwa nimewahi kujiuliza ni kazi gani nyingine ilikuwa inafanyika wakati ule mtu amesimama pale ameshika.

Niliendelea kwenda. Sikuwa na cha kutengeneza. Nilikuwa nakagua kazi isiyo na kosa, kisha tunakaa barazani tunakunywa chai, yeye kwenye kigoda na mimi kwenye gogo. Aliniuliza habari za Geita. Machimbo gani nilipita, wanaume wanalala wapi, wanakula nini. Nilimweleza yote, hata kuhusu pikipiki zinazoning'inia kwenye duara. Hiyo ilimchekesha kuliko kitu chochote nilichowahi kumwambia. Halafu tulikuwa tunanyamaza. Sikuwahi kumpata mtu mwingine ambaye tulinyamaza naye vizuri namna ile.

Kisha mgongo ukakataa. Daktari alinikataza kupanda pikipiki kabisa, nikamuuliza maswali mpaka akaangalia saa. Gerejini mlinipa soda na keki, Fundi Shija akasema maneno machache na kuniambia niache gogo. Sikuliacha. Liko hapa chumbani kwangu Shinyanga, naweka miguu juu yake ninaposahihisha kazi za wanafunzi wa tuisheni. Kwa Mama Limi nilipiga simu kuaga, tukaulizana hali, mtandao ukakatika, nami sikupiga tena upesi kama nilivyopaswa.

Mwaka huu nilikuwa Kagongwa kununua mchele. Mbele ya mashine ya kukoboa, mtu aliyekaa juu ya magunia akaniita fundi wa gogo. Alikuwa Maduhu, amenenepa. Tulisalimiana kwa furaha ambayo ilitushangaza wote wawili.

"Shemeji yako hajambo?" nilimuuliza.

"Hajambo. Yuko palepale."

"Na kaka?"

Alitikisa kichwa kidogo, akaangalia magunia yake.

"Pikipiki je?"

"Ipo. Inang'aa kuliko siku ilipotoka dukani."

"Bado anakwenda nayo mnadani?"

Maduhu alinitazama akidhani namtania. Alipoona sitanii, akashuka kwenye magunia.

"Nani anakwenda nayo?"

"Mama Limi."

"Fundi," alisema taratibu, "Jumapili anaitoa turubai. Anaiwasha, anaiacha iungurume mpaka ipate moto, anazima. Anaipandisha stendi, anazungusha magurudumu, anapaka grisi, anaifunika. Mpaka Jumapili nyingine. Umekuja pale miaka yote ile. Hukumuuliza?"

Nilikuwa nimeuliza kuhusu stendi, ardhi, kamba, mbao, betri na jua. Nilimwambia Maduhu hapana, sikumuuliza, naye akaniambia jambo ambalo ukoo mzima ulikuwa unalijua tangu mwanzo: Mama Limi hajawahi kujua kuendesha pikipiki.